Momenta au msukumo?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Namsaidia mdogo wangu wa kidato cha pili somo la fizikia. Darasani anasikia "momentamu" na "impalsi". Nyumbani namweleza kwa Kiswahili. Nilipomwambia mpira uliopigwa kwa nguvu una msukumo mkubwa, akaniuliza: msukumo ndio ipi kati ya hizo mbili? Nikakwama.

JIBU: Marahaba. Amekubana mahali pazuri, maana neno moja mmelitwika mizigo miwili. Semeni mpira una momenta, ndiyo hiyo momentamu ya darasani, na msukumo muuachie impalsi peke yake.

Sababu imo katika neno lenyewe. Msukumo umezaliwa na kusukuma, kama mgongano ulivyozaliwa na kugongana. Ni jina la tendo, na tendo lina mtendaji, mtendwa na muda wake. Mpira ukishaachana na mguu, hakuna tena anayeusukuma, lakini bado una kitu: kiasi cha maada yake, yaani masi, kikizidishwa kwa kasi yake kuelekea upande fulani. Hiyo ndiyo momenta. Kwa hiyo pimeni kwa vitenzi: mpira una momenta, mguu unaupa msukumo. Utasema mbona watu husema "fulani hana msukumo wa kusoma"? Hata hapo maana ni kwamba hakuna kinachomsukuma.

Hesabu zinaonyesha jinsi viwili hivi vinavyohusiana. Chukueni mpira wa kilogramu 0.43 unaokwenda mita 20 kwa sekunde. Momenta yake ni 8.6. Kipa akiudaka ukasimama, momenta yote imeondoka, na kilichoiondoa ni msukumo wa mikono yake: kani, yaani nguvu ya kusukuma au kuvuta, mara muda, jumla 8.6 ileile. Akiupokea huku akirudisha mikono nyuma, ukasimama kwa sekunde 0.1, kani ya wastani ni nyutoni 86 (nyutoni ni kipimo cha kani). Akikakamaza mikono ukasimama kwa sekunde 0.02, ni nyutoni 430. Msukumo ni uleule. Kilichobadilika ni kani. Ndiyo maana nasisitiza mdogo wako asiseme "msukumo" anapotaka kusema "kani". Kosa hili ni jepesi kulifanya, kwa sababu mtaani kusukuma hakutajwi pamoja na muda. Kila akitaja msukumo, mwulize: kwa muda gani?

Angalieni pia momenta isichanganywe na momenti. Momenti ya kani inahusu kuzungusha, kama spana inapofungua nati. Herufi moja tu inatenganisha mada mbili. Upatanisho wa momenta ni wa ngeli ya I-ZI: momenta hii ni kubwa, momenta hizi ni sawa. Katika Kilatini umbo hilo ni la wingi, lakini sisi tumelipokea kama umoja na sioni haja ya kulirudisha.

Watangazaji wanaosema timu "imepata momentamu" siwaungi mkono. Kiswahili kina kushika kasi na kupamba moto, na msikilizaji haulizi maana. Fizikia inahitaji neno la kupimika. Mpira wa redioni hauhitaji.

Na ile "nguvu" uliyoitumia katika swali lako iache mtaani. Kwenye daftari la mdogo wako iandikwe kani.