Kurudi Moshi na deni la pauni

Mdogo wangu, unasema kadi ya benki huko Leeds, England, inakudai pauni 6,000, kodi ya chumba inakukaba, na unauliza kama urudi Moshi. Kurudi si aibu. Mimi nilirudi na begi moja, mama akanipikia mtori, hakuuliza kitu mpaka siku ya tatu. Majirani ndio walioanza: "Umetuletea nini?" Hilo utalizoea.

Shida ni hesabu. Deni haliishii uwanja wa ndege. Utalilipa kwa pauni huku ukiingiza shilingi. Meza ya mitumba Kiborloni inaweza kukulisha, lakini kulisha na benki ya Uingereza, sidhani.

Kwa hiyo kabla hujakata tiketi, wapigie StepChange au Citizens Advice, mashirika ya huko yanayoshauri watu wenye madeni; ushauri wao ni bure. Tangu 2021 England ina utaratibu wa kusimamisha riba na usumbufu wa wadai kwa siku 60. Mshauri wa madeni ndiye anayekuombea nafasi hiyo, na sharti uwe unaishi huko. Ukishapanda ndege, umeikosa hiyo.

Na mama mwambie ukweli mapema, asije akachinja mbuzi na kualika ukoo mzima akidhani umekuja na mtaji.