Je, naweza kujiombea mwenyewe nafasi ya kubadilishana wanafunzi Japani?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Ninasoma mwaka wa pili wa shahada ya uchumi, ya miaka mitatu, katika chuo kikuu cha umma hapa Dar es Salaam. Nimeona tangazo la chuo kikuu kimoja cha Japani kinachopokea wanafunzi wa kubadilishana bila kulipa ada. Nilianza kujaza fomu mtandaoni, nikakwama kwenye ukurasa unaotaka jina na barua pepe ya ofisa wa chuo changu aliyeniteua. Mimi sijateuliwa na mtu yeyote. Nikiendelea bila hiyo sehemu watanikubali? Wameandika pia kuwa ufadhili wa yen 80,000 kwa mwezi unahitaji GPA (wastani wa alama) ya 2.30. Yangu ni 3.7, kwa hiyo nimevuka mbali, sivyo? Na cheti cha COE walichokitaja nakifuata ubalozini? Kijapani sijui hata neno moja.

JIBU: Marahaba. Nianze na swali la kwanza: hawatakukubali. Hata ukipata namna ya kuiruka hiyo sehemu, ombi lako litawekwa pembeni bila kusomwa. Sababu iko kwenye maneno yaliyokuvutia, yale ya "bila kulipa ada".

Ada ya kawaida katika vyuo vya taifa vya Japani ni yen 535,800 kwa mwaka, mbali na yen 282,000 za kiingilio. Mwanafunzi wa kubadilishana halipi hata yen moja ya hizo kwa sababu anaendelea kulipa ada kwenye chuo chake cha nyumbani, na chuo hicho nacho kimekubali kupokea wanafunzi kutoka Japani kwa masharti hayohayo. Ni mkataba wa vyuo viwili, wenye idadi ya nafasi kwa mwaka, pengine mbili, pengine tano. Ndiyo maana jina lako lazima lipelekwe na chuo chako. Wewe unaomba hapa nyumbani, chuo chako kinakuteua, halafu ndipo chuo mwenyeji kinakutumia kiungo cha fomu. Uliingilia mlango wa mwisho.

Kwa hiyo nenda kwenye ofisi ya uhusiano wa kimataifa ya chuo chako. Usiulize kama "kuna nafasi za Japani", maana utajibiwa hakuna na mazungumzo yataishia hapo. Omba orodha ya mikataba hai na vyuo vya Japani, na uulize ni ipi kati ya hiyo ina kipengele cha kubadilishana wanafunzi. Hati nyingi za makubaliano ni za ushirikiano wa utafiti tu. Zinapigiwa picha siku ya kutia saini, lakini hazimpeleki mwanafunzi popote. Kumbuka pia kwamba mikataba mingine inafungwa na kitivo au ndaki moja, na ofisi kuu huenda isiwe nayo mezani. Pita kwa mratibu wa idara yako, halafu watafute wahadhiri waliosoma Japani. Hawakosekani, na mara nyingi wao ndio wanaojua mkataba upi bado unafanya kazi.

Sasa GPA, na hapa soma polepole, kwa sababu ndipo waombaji wengi wazuri kutoka kwetu wanapopotelea.

Ufadhili unaousema ni wa JASSO, shirika la huduma kwa wanafunzi la Japani. Ile 2.30 ni kati ya 3.00, wakati 3.7 yako ni kati ya 5. Namba hizo mbili huwezi kuziweka kwenye mstari mmoja. Ukichukua njia ya mkato, ukazidisha 3.7 kwa 3 kisha ukagawa kwa 5, unapata 2.22. Umeanguka. Lakini JASSO hawakokotoi hivyo. Wanachukua kila kozi, alama ya juu wanaipa pointi 3, inayofuata 2, ya kupita 1, ya kufeli 0, kisha wanazidisha kwa krediti na kugawa kwa jumla ya krediti. Mfumo wa Japani wenye madaraja matano, wa S, A, B, C na F, unazipa S na A zote pointi 3.

Sisi tuna A, B+, B, C, D na E, na hapo ndipo penye utata. Chukua mwanafunzi mwenye krediti 120: A krediti 24, B+ 48, B 36 na C 12. Kwa hesabu ya kwetu ana 3.7 kamili, kama wewe. Ofisa wa Japani akiihesabu B+ kama pointi 3 sawa na A, mwanafunzi huyo anapata 2.50 na anastahili ufadhili. Akiishusha B+ kwenye pointi 2 pamoja na B, anapata 2.10 na amekosa. Matokeo ni yaleyale ya mtu yuleyule, na tofauti yote imeletwa na namna ofisa mmoja alivyoielewa B+.

Anayeamua ni chuo mwenyeji, si wewe, lakini unaweza kumsaidia aelewe. Huko Japani, kwa kawaida, asilimia 80 ndiyo huanzisha A, 70 huanzisha B, 60 huanzisha C, na chini ya 60 umefeli. Kwetu A inaanzia 70 na B+ inaanzia 60. Ofisa wa chuo cha Japani akiona karatasi yenye "62" tupu, anaona mtu aliyeponea chupuchupu, kumbe ni B+ iliyotolewa jasho. Hakikisha transkripti yako (karatasi rasmi ya matokeo) inaonyesha herufi, na kwamba ufunguo wa madaraja umechapishwa nyuma yake au kuambatishwa: A bora sana, B+ nzuri sana, B nzuri, pamoja na viwango vya asilimia. Omba pia ofisi ya taaluma iandike barua fupi inayoeleza kuwa GPA ya 3.5 hadi 4.3 kwetu ni daraja la pili la juu. Barua ya aya mbili yenye mhuri inatosha. JASSO huangalia hasa matokeo ya mwaka uliotangulia, kwa hiyo kama una sapu (mtihani wa marudio) ya mwaka huu, ishughulikie kwanza.

Kingine kuhusu fedha hizo ni kwamba huziombi JASSO moja kwa moja. Chuo mwenyeji ndicho kinachopendekeza majina, na si kila aliyepokelewa anapata. Panga safari kana kwamba hutapata. Tiketi ya ndege iko juu yako kwa vyovyote vile, na ada ya nyumbani inaendelea. Kama unasoma kwa mkopo, iulize Bodi ya Mikopo kwa maandishi, kabla hujaondoka, fedha zako zitakuwaje ukiwa nje.

COE hukifuati ubalozini. Ni cheti cha kustahiki kukaa Japani, kinachotolewa na Idara ya Uhamiaji ya Japani kwenyewe, na chuo mwenyeji ndicho hukuombea baada ya kukupokea. Huchukua mwezi mmoja hadi mitatu. Tangu Machi 2023 kinaweza kutolewa kwa njia ya elektroniki, kikakufikia kwa barua pepe, jambo lililotuondolea presha ya kungoja bahasha. Kinaisha baada ya miezi mitatu tangu kitolewe, hivyo ukikipata usikilalie. Ukiwa nacho ndipo unakwenda Ubalozi wa Japani Dar es Salaam kuomba viza ya mwanafunzi.

Ili wakuombee COE watataka picha, nakala ya pasipoti na ushahidi wa fedha. Kwenye pasipoti, angalia majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Abdalla, cha kidato cha nne Abdallah, na transkripti imeacha jina la babu: mchanganyiko huu tunauishi kila siku na hatuuoni kama tatizo. Kwa Wajapani hao ni watu watatu. COE, viza, tiketi na kadi ya ukaazi vyote vitafuata pasipoti, herufi kwa herufi, kwa hiyo rekebisha majina mapema kwa hati ya kiapo. Kama huna pasipoti, anza sasa. Ni shilingi 150,000, na bila kitambulisho cha NIDA na cheti cha kuzaliwa utazungushwa.

Ushahidi wa fedha ni taarifa ya benki, yako au ya mzazi, pamoja na barua ya mzazi kwamba atakugharamia. Fedha za kikoba au zilizolala kwenye simu hazionekani huko, hata ziwe nyingi. Vyuo vingi hukadiria matumizi ya yen 80,000 kwa mwezi au zaidi. Zidisha kwa miezi utakayokaa. Tafadhali usikope milioni kadhaa na kuziingiza benki siku moja kabla ya kuchapisha taarifa. Wanaweza kuuliza fedha hizo zimetoka wapi, na jibu la "mjomba amenisaidia" bila karatasi halimridhishi mtu. Wala usiandike kwamba utaishi kwa vibarua. Mwanafunzi anaruhusiwa kufanya kazi saa 28 kwa wiki akishapata kibali, lakini mpango wa kutegemea hizo tangu siku ya kwanza unalitia ombi shaka.

Kuhusu wakati: mwaka wa masomo wa Japani unaanza Aprili, na muhula wa pili unaanza mwishoni mwa Septemba au Oktoba hadi mapema Februari. Kwako wewe Aprili ni balaa, kwa sababu itakukuta katikati ya muhula wetu wa pili, na utalazimika kuuacha njiani. Chagua Oktoba. Ukienda Oktoba ya mwaka wa tatu, unarudi Februari na kumalizia muhula wako wa mwisho nyumbani, jambo ambalo vyuo vingi hulitaka hata hivyo: lazima ubaki umesajiliwa kwenu na urudi kuhitimu kwenu. Kwa kuanza Oktoba, vyuo vya Japani hupokea majina kati ya Februari na Aprili. Chuo chako kitafunga mchujo wa ndani mapema zaidi, hivyo ofisi hiyo uifikie kabla ya mwaka mpya.

Kabla ya kuondoka, kaa na mkuu wa idara mkubaliane ni kozi zipi za kule zitahesabiwa huku. Krediti moja ya Japani ni saa 45 za kazi, darasani na nje ya darasa. Krediti moja ya TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, ni saa 10. Kozi ya huko Japani ya krediti 2 inaonekana kitoto mbele ya mkuu wa idara aliyezoea kozi za krediti 10, kumbe ni saa 90, sawa na krediti 9 za kwetu. Mwonyeshe hesabu hiyo na apate kusaini. Nimeona wanafunzi wakirudi na alama nzuri na kukuta kozi hazitambuliki, kwa sababu makubaliano yalikuwa ya mdomo.

Kijapani kisikutishe. Akita International University hufundisha kozi zake zote kwa Kiingereza, na Ritsumeikan Asia Pacific kule Beppu, chuo kilichofunguliwa mwaka 2000, karibu nusu ya wanafunzi wake ni wageni. Waseda, Sophia na ICU (International Christian University), vyuo vya Tokyo, zina kozi za kutosha za Kiingereza, uchumi ukiwemo. Mahali pengine watataka kiwango cha N2 cha JLPT, mtihani wa kupima Kijapani. Hapo pita tu. Ila yen 80,000 za Beppu si yen 80,000 za Tokyo, na mimi ningemshauri mtu wa bajeti yako aende mji mdogo. Na kama mkataba wa chuo chako unaifikia Osaka, usiuache: Chuo Kikuu cha Osaka kinafundisha Kiswahili kama somo kuu la shahada, na hapo hutakosa wenyeji watakaotaka kuzungumza nawe, wakikusahihishia Kijapani na wewe ukiwasahihishia ngeli.

Ikiwa utaambiwa chuo chako hakina mkataba wowote unaofaa, sitakudanganya: kuanzisha mpya kunaweza kuchukua zaidi ya mwaka, na wewe utakuwa umehitimu. Baadhi ya vyuo vya Japani hupokea wanafunzi wa muda wanaojilipia, lakini hapo ada inarudi, na kwa muhula mmoja sioni kama inalipa. Bora ulenge shahada ya pili. Ufadhili wa serikali ya Japani, MEXT, hupitia ubalozini na huna haja ya mkataba wa chuo. ABE Initiative, uliotangazwa mwaka 2013 kwenye TICAD ya Yokohama, mkutano wa Japani na Afrika kuhusu maendeleo, na kusimamiwa na JICA, shirika la Japani la ushirikiano wa kimataifa, unachanganya shahada ya uzamili na mafunzo kazini kwenye kampuni za Kijapani, na wanaopelekwa huko ni vijana wa Afrika. Kwa njia zote mbili transkripti itasomwa tena na macho yaleyale ya Kijapani, kwa hiyo ile barua ya kueleza madaraja iombe sasa hivi, nakala mbili.