Mirusho 47 au 52? Daftari la mzazi kwenye besiboli ya watoto

SWALI: Assalaam aleikum daktari. Mwanangu ana miaka 11, ndiye mrushaji wa timu ya besiboli ya shule yao hapa Malindi. Kocha aliomba mzazi wa kujitolea kuhesabu mirusho, nikakubali. Jumamosi daftari langu lilitoka na 52, la mama wa timu ya pili 47. Kocha akasema tuandike 47 yaishe, kwa vile Jumanne kuna mechi nyingine. Ipi sahihi? Tena alipotolewa kurusha aliwekwa awe mdakaji, nyuma ya mpigaji. Ni sawa? — Mama Swaleh, Barani

JIBU: Wa aleikum salaam, Mama Swaleh. Nashukuru umekubali kazi hii, na nashukuru zaidi hukukubali "yaishe" kirahisi, kwa sababu mirusho hiyo mitano ndiyo inayoamua Jumanne.

Kanuni za Little League, shirika la besiboli ya watoto la Marekani, kwa watoto wa miaka 14 kushuka chini ni hizi: akirusha 21 hadi 35, apumzike siku 1, 36 hadi 50, siku 2, 51 hadi 65, siku 3, 66 na zaidi, siku 4. Kwa 47, mwanao angepumzika Jumapili na Jumatatu, Jumanne akarusha. Kwa 52, Jumanne nayo ni siku ya kupumzika.

Nadhani najua mitano ile ilipopotelea. Mpigaji akishakuwa na straiki mbili (makosa mawili, la tatu humtoa), anaweza kuukwangua mpira ukatoka nje ya mistari, ukarushwa mwingine akaukwangua tena, mara nne mara tano, na bado amesimama palepale. Kwa anayetazama, ni kama hakuna kilichotokea, na kalamu hulala. Lakini mkono umerusha. Kila mpira uliorushwa kwa mpigaji huhesabiwa: awe ameupiga, ameukosa, umepita kando au umemgonga. Isiyohesabiwa ni ile ya kupasha mkono moto kabla ya zamu (kipindi ambacho kila timu hupiga mara moja), na ile anayomrushia mwenzake kituoni, pale mkimbiaji anaposimama, ili kumnasa. Muulize mama mwenzio kama aliihesabu iliyotoka nje. Kama hakuihesabu, basi ni 52.

Siku nyingine msingoje mechi iishe ndipo mlinganishe madaftari. Kila nusu zamu ikimalizika, yaani timu moja imemaliza kupiga, mwite mwenzio mtajiane jumla. Kosa la mrusho mmoja hurekebishwa papo hapo, wakati bado mnakumbuka. Kila zamu ipe mstari wake, vijiti vinne na cha tano kikivikata. Ile tasbihi ndogo ya kidoleni, ya kubonyeza, inafaa pia, ila bonyeza mpira unapotoka mkononi, usingoje ufike: macho yakishaufuata mpira, kidole husahau. Na daftari liwepo pamoja nayo, maana mtoto akikibonyeza kile kitufe cha kurudisha sifuri, hesabu ya mechi nzima imekwenda.

Kuhusu kudaka, hapana, haikuwa sawa. Aliyerusha mara 41 au zaidi haruhusiwi kuwa mdakaji siku hiyo. Mdakaji huurudisha karibu kila mpira kwa mrushaji, kwa hiyo mkono uliotakiwa kutulia unaendelea kufanya kazi.

Kikomo cha siku kwa miaka 11 na 12 ni mirusho 85. Kwa miaka 9 na 10 ni 75. Zamani Little League walihesabu zamu badala ya mirusho, wakabadilisha mwaka 2007, na naona walifanya vizuri sana, kwa kuwa zamu moja yaweza kuisha kwa mirusho sita na nyingine ikafika thelathini.

Mimi natibu viungo, na haya nayaona kwa mikono yangu. Kiwiko cha mtoto wa miaka 11 bado kinakua. Upande wa ndani, pale misuli inaposhika mfupa, pana gegedu ambalo halijawa mfupa kamili. Kila mrusho huvuta hapo. Niliwahi kuletewa kijana wa miaka 12 asiyeweza kuunyoosha mkono. Nilimwambia aguse ukuta mbele yake, akasogeza mwili mzima badala ya kunyoosha kiwiko. Nyumbani walidhani ameteguka, wakawa wanamkanda kwa mafuta ya simsim kila jioni, na kila asubuhi akienda mazoezini. Alikaa miezi bila kurusha, na aliumia moyo zaidi ya mkono.

Kwa hiyo mwanao akikwambia kiwiko kinauma upande wa ndani, au ukamwona anakishika baina ya mirusho, au mipira iliyokuwa ikifika sasa inaanguka njiani, mwambie kocha amtoe, hata kama daftari linasema 12. Na siku za kupumzika ziwe za kupumzika kweli. Msimu wa maembe huu, mawe ya kuangushia maembe nayo ni kurusha, na kama anachezea pia timu ya mtaani, mirusho ya huko iandike kwenye daftari hilihili.

Kocha mpelekee hesabu kabla ya Jumanne, umwonyeshe mstari wa zamu kwa zamu. Mpe na pendekezo kabisa: mwanao acheze kituo cha kwanza, na mtoto mwingine apewe nafasi ya kurusha.