ULIZA UJIBIWE: Kapurthala, mji wa Masingasinga wenye msikiti wa Kimoroko

SWALI: Shikamoo mhariri. Mimi ni mkazi wa Makindu, nyumba yetu iko karibu na gurudwara, hekalu la Masingasinga (Wasikh), pale wasafiri wa Mombasa wanaposimama kula bure. Mzee mmoja wa Kisingasinga aliniambia babu yake alitoka upande wa Kapurthala, Punjab, kaskazini mwa India, na kwamba mji huo ulikuwa na mfalme wake. Nikaingia mtandaoni naona tu picha za jumba kama la Ufaransa na za mama wa Kihispania mcheza densi. Huo ufalme ulianzaje hasa?

JIBU: Marahaba ndugu yangu. Hizo picha ni za kweli lakini ni za mwishoni kabisa, na mimi huwa naumia watu wakiishia kwenye jumba na harusi wakati chanzo cha huo ukoo kina uzito kuliko dhahabu zote za lile jumba.

Anza na mtu anaitwa Jassa Singh, kazaliwa 1718 kijiji cha Ahlu karibu na Lahore, ndio maana akaitwa Ahluwalia na ukoo wote ukabeba jina hilo. Baba kafa mtoto bado mdogo, akalelewa Delhi kwa Mata Sundari, mjane wa Guru Gobind Singh, kiongozi wa kumi wa dini ya Masingasinga, halafu akarudi Punjab akakulia mikononi mwa kiongozi wa kivita Nawab Kapur Singh. Kwa hiyo huyu hakuzaliwa ikulu. Wakati huo Masingasinga walikuwa wanawindwa na magavana wa Lahore, wanaishi porini na farasi zao, wamegawanyika kwenye makundi ya kivita yanayoitwa misl, na mwaka 1748 walipokutana Amritsar kuyaunganisha wakamchagua yeye awe amiri wa wote. Alichaguliwa, hakurithi, hapo pazingatie.

Sasa akatokea Ahmad Shah Abdali, mfalme wa Waafghani, kila baada ya muda anashuka India kupora. Mwaka 1761 ametoka kushinda vita vya Panipat anarudi kwao na mateka, wakiwemo wanawake wengi sana (masimulizi yanataja 2,200), Masingasinga wa Jassa Singh wakamvamia njiani wakawakomboa wale kina mama na kuwasindikiza mpaka makwao. Mwaka huohuo wakaingia Lahore. Abdali hakusamehe, tarehe 5 Februari 1762 akawakuta wakiwa na msafara wa wazee, akina mama na watoto, na siku hiyo moja walikufa maelfu kwa maelfu, Wasikh mpaka leo wanaiita Wadda Ghallughara, mauaji makubwa. Jassa Singh alikuwa analinda msafara, inasimuliwa alitoka na majeraha 22. Kisha Abdali akalipua kwa baruti lile hekalu lao la Amritsar, na Jassa Singh akawa mstari wa mbele kuhakikisha linajengwa upya. Kapurthala yenyewe aliichukua uzeeni, miaka ya 1770 ikielekea mwisho, akaifanya makao yake.

Na hapa kuna kitu kinamgusa moja kwa moja yule mzee wako na majirani zake. Masingasinga wengi waliokuja kwetu kujenga reli ya kutoka Mombasa kuanzia 1896, maseremala, wahunzi, waashi, ni watu wa jamii ya Ramgarhia, na jina hilo linatoka kwa Jassa Singh mwingine, Jassa Singh Ramgarhia, ambaye alikuwa hasimu wa huyu wa Kapurthala, waligombana mpaka Ramgarhia akafukuzwa Punjab kwa miaka kadhaa. Mwaka 1783 Masingasinga walipoingia ngome nyekundu ya Delhi, inasimuliwa Ahluwalia alikalishwa kwenye kiti cha wafalme wa Moghul, watawala Waislamu wa India, Ramgarhia akapinga mbele ya watu wote, panga zikaanza kutoka, na Ahluwalia akainuka mwenyewe akakiacha kile kiti kuliko ndugu wachinjane. Alifariki mwaka huohuo, hakuacha mtoto wa kiume, nchi ikaenda kwa binamu yake Bhag Singh.

Waliofuata nitawapitia haraka. Fateh Singh alibadilishana kilemba na Ranjit Singh, mfalme wa Lahore, mwaka 1802, maana yake wamekuwa kama ndugu wa damu, lakini ndugu mmoja akazidi kuwa mkubwa na mwisho wa 1825 Fateh Singh akakimbilia ng'ambo ya mto Sutlej kwa Waingereza kwa hofu. Baada ya vita vya Waingereza na Masingasinga, mwaka 1846 Waingereza wakaunyang'anya ukoo wa Kapurthala ardhi yake yote ya kusini mwa Sutlej. Halafu 1857 India ilipowaasi Waingereza, raja Randhir Singh akawasaidia hao hao Waingereza na akazawadiwa mashamba makubwa huko Oudh, kaskazini mwa India. Hilo sitalipamba, lilikuwa ni kuchagua upande wa mwenye nguvu.

SWALI: Nimesikia mfalme wa Kapurthala alijenga msikiti. Msikh anajengaje msikiti? Msomaji, Mwanza.

JIBU: Alijenga, na mzuri haswa. Ni Maharaja Jagatjit Singh, alipewa kiti 1877 hajafikisha hata miaka mitano, akatawala zaidi ya miaka 70. Huyu ndiye wa lile jumba la Kifaransa, lilijengwa 1900 hadi 1908 kwa kuiga Versailles, na ndiye aliyemuoa Anita Delgado wa Málaga, alimuona akicheza densi Madrid mwaka 1906 binti akiwa na miaka 16 tu, umri ambao mimi kama mzazi unanikera, wakaoana, baadaye wakatengana, basi.

Msikiti ulijengwa 1927 hadi 1930, mchoraji ni Mfaransa Maurice Mantout, na mfano wake ni msikiti wa Koutoubia wa Marrakech. Ukiuangalia hauna kuba kubwa wala minara minne kama misikiti mingine ya India, una mnara mmoja tu mrefu wa pembe nne, na ndani kuna nakshi za mafundi wa Lahore. Sababu ni rahisi, raia wake wengi walikuwa Waislamu. Mfalme ni Msikh, nusu ya watu na zaidi wanaswali, naye akaona na wao wapate jengo la kujivunia. Na mji wa Sultanpur Lodhi, pale Guru Nanak, mwanzilishi wa dini ya Kisikh, mwenyewe alipofanya kazi ghalani kwa liwali Mwislamu, ilikuwa ndani ya nchi hiyohiyo.

Kilichofuata ndio kinauma. 1947 India na Pakistani zilipogawanywa, Punjab ilikatwa vipande viwili, Kapurthala ikabaki India, Waislamu wake karibu wote waliuawa au wakakimbilia Pakistani. Msikiti haukuwa umetimiza hata miaka 20.

SWALI: Huo ukoo bado upo? Bado wanatawala?

JIBU: Upo ila hawatawali. 1948 Kapurthala iliunganishwa na tawala nyingine za Punjab kuwa jimbo moja, na lile jumba tangu 1961 ni shule ya Sainik, vijana wanaandaliwa humo kwa jeshi. Ila usikose kumjua Rajkumari Amrit Kaur. Baba yake Harnam Singh, mtoto wa yule Randhir Singh, aliingia Ukristo akaondoka Kapurthala, na binti akawa katibu wa Gandhi miaka na miaka, akafungwa jela na Waingereza waliosaidiwa na babu yake, halafu India huru ikampa uwaziri wa afya, waziri wa kwanza kabisa. Ile hospitali kubwa ya AIIMS ya Delhi, ya 1956, ni jasho lake, na kwangu ndiye mkubwa wa ukoo huo baada ya Jassa Singh.

Mwingine ni Sukhjit Singh, mjukuu wa Jagatjit, huyu alikuwa afisa wa vifaru na vita vya Desemba 1971 vilimpatia nishani ya Maha Vir Chakra, ya pili kwa ukubwa India kwa ushujaa vitani. Mwezi huohuo Bunge likabadili katiba na kufuta vyeo na posho za wafalme wote wa zamani, wa kwao wakiwemo.