Kabla Hujaingia Kwenye Laini ya Minofu ya Sangara

Watu wakisikia kiwanda cha samaki hapa Mwanza kinachukua vibarua, swali la kwanza huwa ni kama wana nguvu za kutosha. Kijana mzima wa kawaida anazo. Kinachowatoa wageni kwenye laini mwezi wa kwanza ni miguu iliyolowa, kisu butu na vidole vilivyokufa ganzi, na yote hayo yana dawa yake mapema.

Kwanza ujue kazi yenyewe inategemea ziwa. Upepo ukichafuka siku mbili, magari ya barafu yanaingia na nusu ya mzigo na vibarua wanarudishwa getini. Siku nyingine samaki wanafika wengi na zamu inarefuka, kwa sababu sangara hasubiri. Uliza mapema: unalipwa kwa siku au kwa kilo? Siku uliyofika ukarudishwa inahesabiwaje? Ukikaa Buhongwa au Kisesa na zamu inaanza saa 12 asubuhi, nauli ya bodaboda ya alfajiri inakula ujira kabla hujagusa samaki. Wengi hawaipigii hesabu.

Utapimwa afya kabla ya kuanza: choo, mkojo, homa ya matumbo na kadhalika, na kwa kawaida vipimo hurudiwa kila miezi 6. Ukiwa unaharisha au una jipu mkononi, mwambie supavaiza kabla hujavaa. Usidhani wanakuonea wakikurudisha kunawa mara ya tatu. Kati ya 1997 na 1999 Umoja wa Ulaya ulifunga soko lake kwa samaki wa Ziwa Victoria zaidi ya mara moja, kwa sababu za usafi na usalama wa chakula, na viwanda vya ukanda huu havijasahau. Ndiyo maana kuna maji ya klorini mlangoni ya kukanyaga na mengine ya kuchovya mikono, na ndiyo maana pete, hereni na kucha ndefu hazipiti.

Gambuti, koti, aproni na glavu ni juu ya mwajiri. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka avitoe bila kukutoza, kwa hiyo ukiona makato ya gambuti kwenye malipo, uliza. Lakini soksi ni zako, na hapo usibane pesa. Nenda Mlango Mmoja utafute soksi nene za mpira wa miguu, jozi nne au tano za mtumba. Za pamba nyembamba zinalowa jasho saa ya kwanza na kukuchubua kisigino saa ya tatu. Beba jozi mbili kila siku, ya pili uivae baada ya mapumziko ya chakula. Gambuti ichague kubwa kidogo kuliko kiatu chako, ili soksi nene iingie na vidole vicheze. Ikikubana, damu haishuki vizuri na baridi inakuingia haraka. Ukifika nyumbani ipindue ikauke, na ujikaushe katikati ya vidole vya miguu kabla ya kulala. Fangasi za miguu ni ugonjwa wa kawaida kabisa kwenye kazi hii, na aliyezilea hutembea kama anakanyaga miiba.

Sakafu ina maji na mafuta ya samaki muda wote. Tembea hatua fupi, usikimbie hata king'ora kikilia. Ukisimama mezani, usifunge magoti. Kama chini ya meza kuna bomba au kreti, weka mguu mmoja juu yake, badilisha baada ya dakika chache; kiuno kitakushukuru. Meza inayofaa kwa kukata iko chini kidogo ya kiwiko chako. Ukiwa mfupi, omba ubao wa kusimamia, na kama u mrefu omba ubao wa kukatia uinuliwe. Wageni huona haya kuomba, wakainama saa nane mfululizo, halafu wiki ya pili wanadai kazi imewashinda mgongo.

Sasa kisu. Hapa ndipo kazi yote ilipo.

Samaki anawekwa ubavu, kichwa upande wa mkono usioshika kisu, na mkono huo uwe na glavu ya chuma kama kiwanda kinayo. Kata nyuma ya kifuniko cha shavu na pezi la ubavuni, kwa mshazari, mpaka uguse uti wa mgongo. Usiuvuke. Geuza makali yaelekee mkiani, uyalaze juu ya uti, kisha uvute kisu kwa mikato mirefu. Mikato mifupi ya kukwaruza inaacha ngazi ngazi kwenye mnofu, na mnofu wa namna hiyo unashushwa daraja. Ukifika mbavuni inua makali kidogo yapande juu yake, halafu ushuke tumboni. Mgeuze samaki, rudia.

Makosa ya mwanzo ni mawili. Ukiinua makali mno, nyama inabaki kwenye mifupa. Ukiyashusha mno, unakata mbavu na vipande vya mifupa vinaenda na mnofu, ambalo ni kosa baya zaidi kwa sababu mteja ndiye atakayekutana navyo. Supavaiza mzoefu hatazami mikono yako, anatazama mapanki, yaani mifupa inayobaki baada ya kutoa minofu, unayotupa kwenye beseni. Mapanki manono ni furaha ya mama muuzaji wa Igogo, lakini kwa mkataji ni aibu. Sangara wa kilo 10 hutoa kilo 4 hivi za minofu isiyo na ngozi, mara nyingi pungufu, kwa hiyo kila gramu inayobaki kwenye mfupa inaonekana kwenye mizani jioni.

Kuchuna ngozi kwa mkono kuna siri moja tu: shika ngozi upande wa mkia, laza kisu karibu bapa, kisha vuta ngozi huku kisu kikitikisika polepole mahali pake. Anayesukuma kisu anaipasua ngozi, anaanza upya, na mkono unachoka mara mbili.

Kisu butu ndicho kinachokata watu. Kikigoma, unaongeza nguvu; ukiongeza nguvu kinateleza. Kipitishe kwenye chuma cha kunolea kila baada ya samaki wachache, bila kungoja kigome, na jiwe la kunolea liwe la mwisho wa zamu. Mpini ushikwe bila kuukaba: kama vifundo vya vidole vimekuwa vyeupe, umekaza kupita kiasi. Kabla ya kushika samaki mkubwa, jua miiba ilipo, pezi la mgongoni na pembeni mwa kifuniko cha shavu. Inapenya glavu ya mpira, na kidonda cha mwiba wa samaki huvimba haraka. Plasta za kiwandani huwa za bluu kwa makusudi: mnofu hauna rangi hiyo, plasta ikidondoka inaonekana.

Baridi nayo ina hila zake. Samaki wanatakiwa kukaa karibu na nyuzi 0, yaani kwenye barafu inayoyeyuka, nawe unawashika siku nzima. Vaa glavu nyembamba ya pamba au sufi ndani ya ile ya mpira, kama kiwanda kinaruhusu. Vidole vikianza kufa ganzi, usiendelee kukata. Omba kubadilishana na mtu wa kupanga au kupima kwa dakika chache. Ukipelekwa chumba cha kugandishia, ambako joto huwa chini ya nyuzi 30 hasi, ingia na nguo kavu na utoke kwa muda uliowekwa. Kushika chuma cha humo kwa mkono mbichi wenye maji ni kuacha ngozi yako pale.

Kwenye baridi kiu haisikiki, na choo kina usumbufu wa kuvua na kuvaa upya, basi wengi, hasa akina dada, huacha kunywa maji. Matokeo yake ni maambukizi ya mkojo. Kunywa maji kabla ya zamu na kila mapumziko. Asubuhi kula kitu kizito, kiporo cha ugali na dagaa kinafaa kuliko chai na andazi moja. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatoa mapumziko ya angalau dakika 60 kwa anayefanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo, na wiki ya kawaida haizidi saa 45. Zaidi ya hapo ni ovataimu, inayolipwa mara moja na nusu.

Wiki mbili za mwanzo mikono na mapaja vitauma, hilo la kawaida. Lisilo la kawaida ni ganzi ya vidole inayokuamsha usiku, au kidole kinachogoma kukunjuka asubuhi. Hapo omba ubadilishwe kituo mapema. Mishipa ikishavimba, panado haitibu, inaficha tu.

Kreti ya samaki na barafu inyanyuliwe na watu wawili, kwa magoti. Na ukikatwa, hata padogo, hakikisha jina lako, saa na mahali vimeandikwa kwenye daftari la ajali kabla hujatoka getini, kisha ulipige picha kwa simu ukiruhusiwa. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi unachangiwa na mwajiri peke yake, hukatwi kitu, lakini madai ya jeraha ambalo halikuandikwa popote ni magumu kuyathibitisha.