Maswali na majibu: Tochi ya zambarau, soda chungu na mahindi ya Njoro

Juma lililopita niligusia hapa jinsi tochi ya miale ya urujuanimno, ile ambayo wauzaji huiita tochi ya UV, inavyofanya vitu fulani ving'ae gizani. Barua zimemiminika. Nimechagua sita. Nyingi za zilizobaki zinauliza tochi yenyewe inapatikana wapi. Nendeni kwa wanaouza vifaa vya kukagulia noti.

Mwalimu, habari. Niko kidato cha tatu. Nimenunua tochi ya UV pale Kibuye na nimebaki na shilingi 400. Nataka jaribio la Kongamano la Sayansi, lakini sitaki la kuonyesha tu kwamba vitu vinang'aa. (Kijana wa Kondele, Kisumu)

Mwanangu, kwa sentensi hiyo ya mwisho umeshawavuta nusu ya waamuzi. Kila mwaka hakukosi meza yenye kitambaa cheusi, tochi, na wanafunzi wawili wakisema "tazama!" Mwamuzi anatazama, anauliza "kwa hivyo?", na kimya kinatanda.

Nunua chupa ya soda ya toniki, ile chungu. Soma kibandiko: lazima kitaje kwinini. Ndiyo, kwinini ile ile ambayo wazee wetu wa kandokando ya ziwa waliimeza kwa ajili ya malaria mpaka masikio yakavuma. Ndani ya soda ni chembe tu (Marekani hairuhusu zaidi ya miligramu 83 hivi kwa lita), kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba inatibu homa. Imimine kwenye glasi, zima taa, mulika kutoka ubavuni. Utaona buluu ya kama moto wa gesi, imetulia ndani ya maji.

Kwa nini? Miale ya urujuanimno hatuioni, ila imebeba nishati nyingi kuliko mwanga tunaouona. Molekuli ya kwinini huipokea, ikapoteza sehemu kidogo kama joto, kisha ikatoa iliyobaki kama mwanga wa buluu. Mfikirie kondakta wa matatu: umempa noti ya mia tano, anakurudishia chenji. Chenji haizidi noti. Ndiyo sababu rangi inayotoka huwa na nishati ndogo kuliko miale iliyoingia. Tofauti na kondakta, kwinini haikungojeshi chenji mpaka stendi. Hurudisha ndani ya sehemu ishirini hivi za bilioni ya sekunde. George Stokes, mwanafizikia mzaliwa wa Ireland aliyefundisha Cambridge, alilieleza jambo hili mwaka 1852, na ndiye aliyelipa jina fluoresensi, kutokana na madini ya fluoriti.

Sasa mradi wenyewe: chumvi ya jikoni huzima mng'ao huo. Swali lako liwe, chumvi kiasi gani huuzima kiasi gani?

Tafuta glasi sita zinazofanana, kila moja uitie mililita 100 za soda. Kwanza soda itolewe gesi. Iache wazi usiku kucha au ikoroge mpaka ichoke. Mimi mara ya kwanza sikufanya hivyo. Nilidondosha chumvi, soda ikafura, ikapanda, ikamwagikia rejista ya darasa, na majina ya watoto kuanzia Nekesa kushuka chini yakawa madoa.

Koroga kijiko kimoja cha chai cha chumvi katika mililita 100 za maji. Kwa bomba la sindano kutoka duka la dawa, bila ile ncha, tia maji hayo ya chumvi katika glasi tano: mililita 0, 1, 2, 4 na 8. Hapa sasa ndipo alama zilipo. Kila glasi iongezewe maji matupu mpaka nyongeza yote ifike mililita 8. Yenye 1 ipate 7, yenye 2 ipate 6, na yenye 0 ipate 8 nzima. Usipofanya hivyo mwamuzi atakwambia mng'ao umefifia kwa kuwa soda imezimuliwa, nawe hutakuwa na la kumjibu. Glasi ya sita itie mililita 8 za maji ya sukari, kijiko kile kile kwa maji yale yale.

Utaona za chumvi zikififia moja baada ya nyingine, na ya sukari ikiwaka kama ile isiyotiwa kitu. Kazi hiyo inafanywa na ioni za kloridi, chembe zenye chaji ya umeme zilizo katika chumvi. Zinagongana na molekuli ya kwinini kabla haijatoa mwanga, na nishati inaishia kuwa joto. Ni kama mtu amempiga kondakta kikumbo wakati anahesabu chenji, sarafu zikaingia mtaroni. Kwinini yenyewe haijaharibika.

Kupima, usitegemee macho yako mwenyewe, maana unajua unachotaka kuona. Zibandike glasi herufi chini, zichanganye, kisha mwite rafiki asiyejua ipi ni ipi azipange kutoka ing'aayo sana hadi hafifu. Waite marafiki watano. Ukitumia kamera ya simu, funga mpangilio wa mwanga usijibadilishe wenyewe, la sivyo simu itaingaza glasi hafifu kwa hisani yake na kukuharibia kazi.

Jambo moja la ziada la kuwashangaza waamuzi: mchana wa jua kali, weka soda juu ya kitambaa cheusi nje na uchungulie pembeni, pale jua linapoingilia majini. Kuna utando mwembamba wa buluu. John Herschel, mwanasayansi Mwingereza, aliueleza kwenye maji ya kwinini mwaka 1845, na tochi yake ilikuwa jua la Uingereza. Wewe una la Kisumu.

Mwalimu mwenzangu, nafundisha gredi ya 8. Hatuna maabara, tuna tochi moja na watoto 60. Kuna jaribio la majani? (Mwalimu, Kakamega)

Lipo, na kwa maoni yangu linapendeza kuliko la soda. Chukua majani mabichi ya sukuma wiki, kunde au managu, yakate vipande vidogo, yaponde kwa mwiko, yafunike kwa spiriti ya duka la dawa na uyaache robo saa. Chuja kwa pamba. Mrenda usiuguse, watoto watauleta kwa kuwa uko kila shamba, lakini ule utelezi wake utaziba pamba na mtakaa hapo mpaka kengele ya chakula. Wenzetu wa Kisumu wajaribu gugumaji, angalau lifanye kazi moja ya maana.

Utapata maji ya kijani kibichi. Funga madirisha, mulika. Yanakuwa mekundu kama damu ya mzee. Watoto hupiga kelele kila mara. Nimelifanya zaidi ya mara ishirini na bado nami husogea karibu.

Kijani ni rangi ambayo klorofili, ile rangi iliyomo ndani ya majani, inaiachia ipite. Nyekundu ndiyo inayoitoa yenyewe. Katika jani lililo hai, sehemu kubwa ya nishati ya mwanga huenda kwenye kutengeneza chakula cha mmea, na nyekundu inayotoka ni asilimia chache tu, haionekani kirahisi. Ukishaliponda na kulitia spiriti, kile kiwanda kimevunjika. Klorofili inapokea mwanga wala haina pa kuupeleka, basi inautoa. Waulize watoto: kwa nini jani zima limulikwapo haliwi jekundu kama maji yake? Waache wabishane kabla ya kuwajibu.

Hapa tochi ya bei nafuu inatosha. Nyingi ni za nanomita 395 (nanomita ni kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga), ambazo huchanganya zambarau nyingi inayoonekana, na klorofili hupenda hiyo zambarau. Kwa kwinini ya kijana wa Kondele, ya nanomita 365 huonyesha vizuri zaidi.

Spiriti inashika moto upesi. Ukitaka kuharakisha, tumbukiza kikombe cha spiriti katika bakuli la maji moto, mbali na jiko lolote. Nilipokuwa mwalimu mchanga niliweka mtungi karibu na stovu ya mafuta taa kwa dakika moja tu. Nyusi zilichukua mwezi kurudi.

Mwalimu, kijana wangu amemulika mahindi yetu ghalani na baadhi ya punje ziling'aa kijani-manjano. Je, ndiyo sumukuvu? Tuzitoe tule zilizobaki? (Mama wa Njoro, Nakuru)

Mama, msiyale kwa kutegemea tochi. Nitaeleza kwa urefu kwa sababu naona dawa hii ya tochi inasambazwa kwenye vikundi vya WhatsApp.

Kuna ukweli nyuma yake. Aflatoksini, ndizo hizo sumukuvu, sumu zinazotolewa na ukungu wa Aspergillus, zilipewa majina kwa mng'ao wao: za kundi B hung'aa buluu, za kundi G hung'aa kijani. Lakini huo ni mng'ao unaoonekana maabara, sumu ikishatolewa kwenye punje na kutengwa. Ile kijani-manjano aliyoiona kijana hutokana na kitu kingine: asidi ya kojiki ambayo ukungu huo huo huitoa, ikabadilishwa na vimeng'enya vya punje yenyewe. Yaani tochi inaonyesha nyayo za mgeni. Haisemi kama aliacha sumu, wala kiasi gani. Punje inaweza kung'aa bila sumu ya kutisha, na nyingine ikawa na sumu bila kung'aa, hasa nafaka ikiwa imekaa muda mrefu.

Kosa la kwanza litakupotezea mahindi. La pili ndilo linaloua. Mwaka 2004 Ukambani waliugua watu 317 wanaojulikana, na 125 wakafa, kwa kula mahindi yenye sumu hii. Kuyapika hakuiondoi. Kiwango kinachoruhusiwa nchini ni sehemu 10 kwa bilioni, kiasi kidogo hivi kwamba jicho, pua na tochi haviwezi kukihukumu.

Kwa hiyo alichokiona kijana kichukulie kama onyo: ghala hilo limepata unyevu na ukungu upo. Peleka sampuli ipimwe maabara, ukichota sehemu mbalimbali za magunia, juu, katikati na chini, kwa kuwa sumu hukaa mafungu-mafungu. Wakati unangoja, msiyale, wala usiwape kuku na ng'ombe. Sumu hupita hadi kwenye maziwa.

Msimu ujao, kausheni hadi unyevu wa asilimia 13 hivi kabla ya kufunga magunia. Maghala ya NCPB, bodi ya taifa ya nafaka, hupima unyevu. Nyumbani kuna njia ya chupa: chupa kavu ya kioo, mahindi robo yake, chumvi kavu vijiko vichache, tikisa dakika mbili tatu na uache itulie. Chumvi ikigandamana na kioo, mahindi bado ni mabichi. Mmuulize kijana kwa nini chumvi inashikwa na kioo. Hilo nalo ni jaribio, tena lenye faida kuliko la tochi.

Mimi ni wakala wa pesa. Noti ikimulikwa na karatasi yake iwake buluu, ni bandia? (Ndugu wa Busia)

Mara nyingi ni dalili mbaya, ndugu, kwa sababu karatasi ya kawaida hutiwa king'arisha kinachowaka buluu-nyeupe, na karatasi ya noti haitiwi. Ila sabuni ya unga ina king'arisha hicho hicho. Noti halali iliyosahaulika kwenye mfuko wa suruali ikafuliwa itawaka kama shati la harusi. Kabla hujamwaibisha mteja, ipapase, iangalie kwenye mwanga uone simba, uigeuzegeuze uzi wake. Tochi iwe ya mwisho.

Je, tochi hizi zitaharibu macho ya watoto? (Mzazi, Bungoma)

Zikielekezwa usoni, zinaweza. Hatari yake ni kwamba zinaonekana hafifu: jicho halioni sehemu kubwa ya miale, mboni hubaki wazi gizani, na mtoto hana sababu ya kufumba. Sheria ya nyumba iwe moja, tochi humulika meza. Mtu mzima aishike kwa watoto wadogo.

Kuna taa za kuua vijidudu zilizoenea wakati wa korona. Hizo ni jamii nyingine kabisa, za nanomita 254, huunguza macho na ngozi kwa dakika chache, na maumivu huanza saa kadhaa baadaye. Hizo zisiingie darasani hata kwa dakika moja. Na mirija ya taa za dari, zile ndefu, ndani yake mna mvuke wa zebaki. Isivunjwe kutafuta unga mweupe uliopakwa ndani, hata kama umesikia kwamba unang'aa.

Ni kweli nge hung'aa? (Msomaji, Rongai, Nakuru)

Kweli kabisa, kijani cha kuelekea buluu, na hata gamba alilolivua hung'aa. Aliyetoka kujivua gamba sasa hivi hang'ai mpaka ngozi mpya ikauke, kwa hiyo kutoona kitu chooni usiku hakumaanishi hakuna kitu. Vaa viatu.