Maprofesa watatu wameandika "kumbukumbu na kujifunza", je wanafanya kitu kimoja?

SWALI: Shikamoo dokta. Nimemaliza masters ya baiolojia na sasa natafuta PhD ya neurosayansi. Nimefungua listi ya maprofesa wa programu moja, wako kama arobaini hivi, kila mtu kaandika mistari miwili mitatu ya maeneo yake ya utafiti na maneno mengine yananipita kabisa. Ila watatu wameandika "kumbukumbu na kujifunza", ndo kitu nachokipenda toka zamani. Je hawa wanafanya kitu kimoja? Niwaandikie wote au nichague mmoja?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hapana, karibu nina uhakika hawafanyi kitu kimoja, na hapa ndo watu wengi wenye akili nzuri tu wanapojikwaa, wanaona neno wanalolipenda wanaishia hapo hapo, kumbe neno "kumbukumbu" linaweza kubeba kazi tatu ambazo hazifanani hata kidogo.

Wa kwanza anaweza kuwa mtu wa sinepsi, yaani pale seli moja ya neva inapopitisha ujumbe kwa nyingine. Ukoo wake unaanzia kwa watafiti Bliss na Lømo, ambao mwaka 1973 walitoa ripoti kwamba ukipiga njia ya neva kwenye hipokampasi (sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu) ya sungura kwa mapigo ya umeme ya haraka haraka, mwitikio wa seli unaongezeka na unabaki juu kwa masaa. Wa pili anaweza kuwa anarekodi seli za panya huku panya mwenyewe anatembea, njia iliyofunguliwa na John O'Keefe mwaka 1971 alipoona kuna seli zinazowaka, yaani zinazopiga umeme, panya akiwa sehemu fulani tu ya eneo, na mwaka 2014 akapata Nobel pamoja na May-Britt Moser na Edvard Moser. Wa tatu anaweza kuwa hajawahi kushika panya, anafanya kazi na watu. Yeye ukoo wake ni mwanasaikolojia Brenda Milner na yule mgonjwa maarufu H.M., aliyepasuliwa mwaka 1953 ili kutuliza kifafa, akatolewa sehemu kubwa ya hipokampasi pande zote mbili, baada ya hapo akawa hawezi kuhifadhi matukio mapya. Milner alimpa achore nyota huku akiangalia mkono wake kwenye kioo tu, na siku baada ya siku akawa anachora vizuri zaidi ingawa kila siku aliona kama ndo mara ya kwanza kuifanya. Mimi hii habari ndo ilinivuta kwenye fani, mpaka leo nikiifundisha mwili unanisisimka.

Sasa swali la kujiuliza sio napenda mada gani, ni mikono yangu itafanya nini kila siku kwa miaka minne mitano, au sita kama ni Marekani. Kwa yule wa sinepsi utakuwa unakata vipande vya ubongo vyenye unene wa kama maikromita 300, unaviweka kwenye maji ya chumvi yanayopulizwa oksijeni ili visife, halafu unashusha pipeti ya kioo ambayo ncha yake ni kama maikromita moja mpaka inagusa seli, unavuta hewa kidogo sana kwa mdomo kupitia mrija, na kama mkono umetulia utando wa seli unanata kwenye kioo na unaanza kusoma umeme wa seli moja. Vipande vinakaa hai masaa machache tu, kwahiyo siku ikiharibika imeharibika, unaanza upya kesho. Kuna watu wanaipenda kazi hii kuliko kitu chochote na kuna watu inawamaliza. Kwa wa pili utafanya upasuaji wa panya, utapandikiza elektrodi nyembamba kuliko unywele, utamzoesha panya wiki kadhaa, na kisha kuandika programu za kompyuta asubuhi hadi jioni, maana data ni nyingi mno, ila siku ukisikia kwenye spika seli inapiga tatatata kila panya akifika kona ile ile hutaisahau. Kwa wa tatu ni watu kwenye mashine ya MRI inayopiga picha za ubongo ukiwa kazini, takwimu, na vibali vya maadili. Na kumbuka MRI ya aina hii haipimi umeme wa neva, inapima mabadiliko ya oksijeni kwenye damu, ambayo yanafika kileleni sekunde kama tano baada ya tukio, na kidoti kimoja cha picha kina malaki ya seli ndani yake. Kama swali lako ni seli moja inafanya nini, pale hutalipatia jibu hata ukikaa miaka kumi.

Maneno yanayokupita usiyaogope, mengi ni majina ya vifaa au mbinu. Ukiona "optojenetiki" kwa mfano, ni kuwasha au kuzima seli za neva kwa mwanga kwa kuzipandikizia protini, ile iliyoanza kutumika mwaka 2005 ilitoka kwenye mwani.

Jingine, ile mistari mitatu mara nyingi imezeeka. Profesa anaiandika anapoajiriwa, anahamia kitu kingine, anasahau kuibadilisha. Kwahiyo ingia PubMed, tovuti ya kutafutia pepa za kisayansi, tafuta pepa zake za miaka mitatu ya mwisho ambazo yeye ni jina la mwisho, maana kwenye fani hii jina la mwisho kwa kawaida ndo mwenye maabara na la kwanza ndo aliyefanya kazi, mara nyingi mwanafunzi au postdoki, yaani mtafiti aliyemaliza PhD. Anza na sehemu ya mbinu, ruka utangulizi, utangulizi wa kila mtu unasema ubongo ni muhimu. Kama ni Marekani angalia pia NIH RePORTER, tovuti ya serikali yao inayoorodhesha ufadhili wa utafiti, iko wazi kwa yeyote, utaona ana ufadhili gani na unaisha lini, na kama unaisha mwakani muulize bila aibu mpango ni upi.

Kuhusu kuandika, usiwatumie watatu imeili moja iliyobadilishwa jina, inajulikana mara moja. Chagua wawili ambao kazi yao ya kila siku umeielewa na unaitaka, kila mmoja mwandikie aya mbili fupi na swali moja la kweli kuhusu pepa yake. Kama programu ina rotesheni mwaka wa kwanza, yaani unapita maabara tofauti kwa zamu, yule utakayemwacha unaweza kumjaribu huko wiki chache ukiwa ndani, huna haja ya kuamua leo. Halafu waandikie na wanafunzi wa hao maprofesa, waulize siku yao ya jana ilikuwaje kuanzia asubuhi.